Mwenye Uwezo wa Kumtunza

Takinoue,
mwaka wa 14 wa enzi ya Mfalme Meiji, mwezi wa tano, tarehe 2

Wifi Nui,

Pokea salamu za huku mlimani. Machipukizi ya mianzi yamejitokeza kwa fujo mwaka huu. Tunayala asubuhi, mchana na jioni mpaka tumeyachoka. Goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua ikikaribia, na huku mvua haiendi mbali, kwa hiyo unajua mwenyewe. Mjomba wetu wa upande wa mama amefariki. Hakumsumbua mtu, alikunywa uji wake, akajilaza, basi. Paa limevuja tena, juu ya chumba kile kile alichokuwa akilala Yasuke. Nimetega beseni. Chumba chenyewe sijampa mtu, na hata ningetaka kumpa, nani angekuja? Tangu serikali ipige marufuku nyumba za chai za kijiji hiki kulaza wenye wazimu, nauza chai kwa mahujaji wachache wanaokuja kuomba kwenye maporomoko na kuondoka kabla giza halijaingia.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Mama Saku, yule muuza kuni, alipita hapa juzi na mzigo wake kichwani. Hata hajautua, akaanza: "Mwenzangu, nimewauzia kuni kule hospitali, nimemwona mdogo wako! Kanenepa huyo! Anacheka! Nui akimwita mara moja tu, anakuja mbio kama kifaranga."

Kama kifaranga, ati. Chai niliyokuwa nammiminia niliimwaga mezani.

Wifi, mama yetu alikufa Yasuke hajaacha ziwa. Mgongo uliombeba ni huu. Wazimu ulipompanda, baba yako alikuja na mkokoteni akakuchukua wewe na sanduku lako la nguo, na sikulaumu, ndivyo watu wanavyofanya. Mimi nikampandisha huku. Nilisimama naye chini ya maporomoko yale kumtibu miaka mitatu, baridi ikitukata mifupa, mpaka akaanza kushika tena sindano yake ya kushonea mikeka. Ndipo polisi wakaja, wakawakusanya wagonjwa wote wa kijiji, wakawateremsha mjini kwenye hospitali mpya ya mkoa, hapo ndani ya hekalu. Na nani nasikia amekwenda kuomba kazi ya kufua nguo pale pale? Wewe.

Asiyekuwapo na lake halipo, sawa. Lakini naomba uniletee Yasuke siku tatu za sikukuu ya wafu, aje amsalimu mama yetu. Na nijibu hili kwa ukweli: huwa ananiulizia? Mpe barua Mama Saku, usiitume kwa posta. Barua za posta hupitia kwa mkuu wa kijiji, na mkewe ana pua ndefu.

Dada wa mumeo,
Tose


Kyoto,
mwezi wa sita, tarehe 11

Wifi yangu mkubwa,

Barua imefika, na machipukizi pia, nimeyapika nikawagawia wenzangu wa kufulia, wamekushukuru sana. Pole kwa msiba wa mjomba. Huku mvua hazikatiki, nguo hazikauki, na kazi yangu ndiyo hiyo, basi nagombana na mbingu kutwa. Mama yangu macho yanamsumbua. Dada yangu wa Otsu amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Yasuke hajambo. Kwamba amenenepa ni kweli, hapo Mama Saku hakutia chumvi. Asubuhi anakunywa uji wa wali na figili ya chumvi, kisha anakwenda karakana kushona mikeka. Karibu mikeka yote ya wodi ya wanaume imepita mikononi mwake. Majuzi daktari mkuu alikuja na mgeni kutoka Tokyo, akamwonyesha, akasema: "Huyu alipoletwa alikuwa hawezi kujifunga mshipi." Nilikuwa mlangoni na kapu langu. Nilijivuna kidogo, usinichukie kwa hilo.

Wiki iliyopita walikuja wakubwa wa baraza la mkoa kukagua. Hawa ndio wanaoamua kila mwaka tupewe nini. Walitembea wameziba pua. Mmoja mwenye tumbo alimuuliza daktari, "Kwa nini kodi ya wakulima wangu iwalishe watu wasiolima?" Daktari akamwonyesha mikeka. Yule bwana akaikanyaga kanyaga, akasema ni mizuri, akaenda zake. Tangu siku hiyo daktari hana raha.

Kuhusu sikukuu, haiwezekani. Daktari anasema mgonjwa akirudishwa alikougulia, ugonjwa nao hurudi. Wala usijitaabishe kuja kumtazama na goti hilo. Getini hawapitishi mtu bila kibali, na vibali havitoki.

Jitunze na unyevu.

Nui


Takinoue,
mwezi wa nane, tarehe 20

Wifi,

Sikukuu imepita. Natumaini huko mjini mmeila vizuri.

Huku, nikuambie lililonipata. Unajua kila siku namwekea Yasuke sinia lake, wali na mchuzi, kama tunavyomwekea mtu wetu aliye safarini ili asilale njaa aliko. Sasa usiku wa kuwapokea wafu nyumba ilikuwa imejaa moshi wa ubani, nikapanga sinia la mama, la baba, la mjomba, na mkono wangu wenyewe ukalipanga la Yasuke hapo hapo, katikati yao. Jirani yangu ndiye aliyepiga kelele: "Tose! Unamlisha mtu aliye hai pamoja na maiti!" Niliketi chini nikalia mpaka nikaona haya. Hiyo ndiyo sikukuu niliyoila mimi.

Halafu Mama Saku ananiambia hospitali yenu ina dawa mpya, mgonjwa anasimamishwa uani anamwagiwa maji baridi kichwani kutoka kwenye pipa. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Maji ya huku kwetu mliyaita ushirikina, mkatufungia nyumba zetu. Maji yale yale yakitoka kwenye pipa la serikali ni sayansi! Mwambie daktari wako kama pipa limepasuka, aje huku, maporomoko hayajawahi kuhitaji fundi.

Unasema vibali havitoki. Mke wa mpiga kengele wa hekalu alipata kibali, akamwona mwanawe. Au vibali vina macho, vinachagua?

Na swali langu hukulijibu. Ulijaza karatasi na mvua na figili na mtoto wa Otsu, ukaliruka kama anayeruka mavi ya ng'ombe. Ananiulizia, haniulizii?

Tose


Kyoto,
mwezi wa tisa, tarehe 15

Wifi yangu mkubwa,

Natumaini goti lina nafuu sasa kwa kuwa kumepoa. Mama haoni tena kwa jicho la kulia. Sisi wengine wazima.

Umetaka ukweli: hajakuulizia. Hata siku moja. Ndivyo ilivyo, na sikupenda kukuandikia.

Sasa nisikilize kwa moyo wa dada, weka wifi pembeni. Baraza la mkoa limekaa, na limetunyima. Yule mwenye tumbo alishinda. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, serikali itamlisha mgonjwa maskini asiye na ndugu tu. Aliye na ndugu mwenye uwezo wa kumtunza anarudishwa kwa ndugu huyo. Karani amekuwa akipita wodini akiuliza, "Huyu ana nani? Na huyu ana nani?" kama mtu anayechambua maharage, haya ya kupika, haya ya kutupa.

Mimi sihesabiwi. Nalala kwenye chumba cha wafuaji, sina nyumba, na kwenye daftari la serikali mimi ni mtu wa nyumba yenu. Aliyeandikwa mkuu wa nyumba ni wewe, na una nyumba ya chai. Basi wataleta karatasi kwa mkuu wa kijiji. Ina sentensi mbili. Ya kwanza inasema sina uwezo wa kumtunza. Ya pili inasema ninao. Utagonga muhuri wako chini ya mojawapo.

Wifi, gonga chini ya ile ya kwanza. Nyumba haina wageni, paa linavuja, goti bovu, kila mtu anajua, hutakuwa umesema uongo. Hapa ana kazi yake, ana daktari, analala usiku kucha. Ukiniuliza nataka nini duniani, ni hicho tu, abaki hapa. Karatasi irudi kabla mwezi wa kumi haujaisha.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Nui


Takinoue,
mwezi wa kumi, tarehe 9

Wifi Nui,

Mwaka huu mti wa matunda ya kaki nyuma ya nyumba umezaa mpaka matawi yameinama. Nimemenya, nimefunga kwa kamba, nimeanika chini ya paa, nyumba yote imekuwa ya rangi ya chungwa. Nimempa Mama Saku kapu lako. Yale laini kula kwanza. Nyani walikuja asubuhi, nimewafukuza kwa ufagio, mmoja akanigeukia akanionyesha meno, nami nikamwonyesha yangu, akaona hayapo mengi, akacheka.

Mkuu wa kijiji amepata mafua. Mwanamke wake naye hayupo, ameenda kwao.

Baridi inakuja, vaa soksi nzito ukifua.

Tose


Kyoto,
mwezi wa kumi, tarehe 14

Wifi,

Kaki ni tamu, Mungu akubariki. Karatasi je?

Nui


Takinoue,
mwezi wa kumi, tarehe 27

Nui,

Nimegonga muhuri. Nimegonga chini ya ile ya pili.

Mkuu wa kijiji aliniuliza mara mbili, "Mama, umesoma vizuri?" Nikamwambia, "Nilianza kusoma wewe bado unajikojolea." Nikabonyeza muhuri kwa dole gumba mpaka wino ukatoka pembeni.

Ulitaka niandike mbele ya serikali kwamba mimi Tose sina uwezo wa kumtunza ndugu yangu. Mimi! Ulikuwa unaniomba karatasi, au ulikuwa unaniomba nimkane? Nimekaa na ombi lako zaidi ya mwezi, nalala nalo, naamka nalo. Kila nikitaka kugonga kule ulikosema, nasikia sauti ya Saku, "Nui akimwita mara moja tu." Unataka akae kwako, umpikie, umfulie, ujivune mlangoni mbele ya wageni wa Tokyo, na mimi nibaki na sinia na nyani. Hapana. Umekuwa naye vya kutosha. Sasa zamu yangu. Atanijua upya, utaona, damu nzito kuliko maji.

Polisi amekuja leo asubuhi, kijana wa watu, hajaota hata ndevu. Anasema kwa amri ya sasa mwenye wazimu hakai nyumbani hivi hivi tu. Lazima awe na chumba chake chenye fito nene za mbao mbele, tundu la kupitishia chakula, na kufuli, na mwenye ufunguo aandikwe jina. Nikamwambia, "Mwanangu, kijiji hiki kimelaza vichaa tangu babu wa babu yako, na hakuna aliyefungiwa. Walikuwa wanatembea, wanachota maji, wanabeba watoto wetu." Akasema anajua, lakini amri ni amri. Seremala anaanza kesho, kwenye chumba kile kile kinachovuja. Nitamwambia azibe paa kwanza.

Usinitazame hivyo. Kufuli ni la polisi, si langu. Polisi akija nitafunga, akiondoka nitafungua.

Tose


Kyoto,
mwezi wa kumi na moja, tarehe 1

Tose,

Leo sina salamu. Siulizi goti.

Umempeleka mtu aliyekuwa akitembea uani kwenye tundu la kuku, na unasema ni mapenzi. Unafikiri polisi ni mjinga kama nyani wako, atakuja akipiga hodi toka mbali? Majirani zako wenyewe watamwambia. Watu wanaoogopa amri hawana ujirani.

Basi nikuambie nilichokuficha, maana sasa kimekuwa hakina faida kwangu.

Unajua mume wangu ananiitaje? Ananiita Dada. Dada Tose.

Siku ya kwanza niliyoingia wodini, alikuwa amegoma kula. Nilipiga magoti nikamwambia, "Yasuke, ni mimi Nui, mkeo." Akanitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Wauguzi walitaka kumshika wamlishe kwa nguvu. Sijui nilipatwa na nini, nikanyakua bakuli, nikamfokea kwa sauti yako: "Wewe mtoto, fungua mdomo, uji unapoa!" Akafungua. Akala lote. Akasema, "Dada, mbona leo umechelewa?"

Tangu siku hiyo Nui hayupo. Nafunga kitambaa kichwani kama unavyofunga wewe. Navuta mguu wa kushoto ninapoingia wodini. Najifanya nimekasirika wakati nataka kulia. Miaka yote hii mume wangu ananishika mkono, ananieleza habari za mkewe, jinsi alivyokuwa mzuri, jinsi alivyokimbia na baba yake, na mimi namjibu, "Mwache aende zake, huyo hakufai," kwa sababu ndivyo ungejibu wewe. Na kweli ungejibu hivyo!

Nilipokuandikia kwamba hajakuulizia, sikusema uongo. Atakuulizia vipi, wakati umekaa mbele yake?

Unanionea wivu wa nini, wewe mwanamke? Wa jina lako mwenyewe? Nguo ya kuazima haisitiri matako, nalijua, lakini sikuwa na nyingine ya kuvaa. Mimi ndiye wa kukuonea wewe wivu, na nimekuonea, kila siku, kila kijiko. Kibali chako hakikutoka kwa sababu mimi nilimwambia mlinzi wa geti ukija urudishwe. Ungeingia pale ukasema neno moja, mimi ningebaki nani?

Nenda kwa mkuu wa kijiji ukabatilishe. Mwambie umezeeka, umekosea, mwambie lolote. Wanampandisha huko tarehe 10. Nimempa Saku barua hii mkononi, nimemwambia asipumzike njiani.

Nui


Takinoue,
mwezi wa kumi na moja, tarehe 17

Nui,

Saku alishikwa na homa njiani, akalala kwa dada yake. Barua yako ilikaa kifuani mwake, ikanifikia Yasuke yuko hapa tayari siku ya tatu. Usimgombeze, amelia kuliko sisi. Je, ingefika mapema ningebatilisha? Nimejiuliza hilo nikiosha vyombo, nikipanda ngazi, kila mahali. Sijui. Huenda ningefurahi tu, ningesema, si nilijua, ni mimi anayenitaka, na ningeharakisha seremala.

Nilivaa nguo yangu nzuri siku ile. Nilipika wali wa maharage mekundu kama wa sherehe. Riksho ilipofika nilishuka mpaka barabarani na goti langu. Akateremka, mnene, msafi, nywele zimekatwa. Akainama mbele yangu kwa adabu kabisa. Akasema, "Samahani kwa usumbufu, mama mwenye nyumba."

Nikasema, "Yasuke, ni mimi. Dada."

Akacheka, kicheko kile cha heshima, kama mtu anavyomchekea bibi kizee asimvunje moyo. Akasema, "Dada yangu ana nywele nyeusi. Yuko kule chini anafua, atakuja akimaliza." Halafu akachungulia nyuma ya bega langu, akaitazama barabara.

Nilikuja kujitazama kwenye maji ya beseni. Kweli, sikuwa nimejiona siku nyingi.

Alikaa mlangoni siku mbili akikungoja, sikufunga. Siku ya tatu asubuhi aliinuka kuja kukutafuta huko mjini, wakamkuta kwenye daraja, na polisi akajua. Tangu hapo kufuli limefungwa na polisi anakuja bila hodi, kama ulivyosema. Anachungulia kwenye fito, anaandika, anaondoka. Jana alileta habari kwamba baraza linasema hospitali yenyewe inaweza kufungwa mwakani, hakuna pesa. Alinieleza kwa furaha, alidhani nitafarijika kwamba niliwahi.

Yasuke hali. Anakunywa maji tu. Nimejaribu ile sauti. Nimesimama mbele ya fito na bakuli, nimefoka, "Wewe mtoto, fungua mdomo, uji unapoa!" Sauti ni yangu, maneno ni yangu, nimeyasema tangu ana meno mawili. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, wewe ni mwema, lakini acha kumwigiza dada yangu."

Njoo, Nui. Acha hizo nguo za serikali, watazifua wenyewe. Saku yuko hapa, nimemwambia ageuke na barua hii leo leo, na ukirudi naye mtafika kabla theluji haijafunga njia. Ufunguo nitakukabidhi wewe. Kitambaa changu cha kichwa kimekunjwa juu ya sanduku, kifunge vizuri, na uvute mguu ukiingia.

Sitakudanganya kwamba nimekusamehe, wala kwamba moyo wangu umetulia. Nakuonea wivu hivi sasa ninavyoandika. Mimi nitapika uji, nitaukabidhi mlangoni, nitakaa jikoni nisikilize anavyokula kutoka mkononi mwako, na kila kijiko kitanichoma. Nitavumilia. Majirani nimeshawaambia wasiniite jina mbele yake.

Ameanza tena. Anapiga fito kwa kiganja, anaita, "Dada Tose! Dada Tose!" Nami niko hapa hapa, ukuta mmoja tu kati yetu, na siwezi kuitika. Njoo uitike.

Mwenye nyumba ya chai,
Takinoue